Land Rover 109 au Land Cruiser FJ40: ununue ipi, na uanze kukagua wapi

Ukienda kukagua Land Rover ya zamani, beba nyundo ndogo, tochi na boksi kuukuu la kulalia chini ya gari. Ukienda kukagua Land Cruiser ya zamani, nyundo iache nyumbani. Beba sumaku, na uende mchana wa jua kali, maana puti, ule mchanganyiko wa kuzibia matundu ya bati kabla ya rangi, hujificha vizuri kivulini.

Watu huyaweka magari haya mawili kapu moja kwa sababu kazi zake zinafanana. Yote ni ya fo-wili, yote yana springi za mabamba mbele na nyuma, yote yamebeba waganga, mapadri, mabwana misitu na mbuzi. Lakini hayazeeki kwa namna moja. Land Rover huoza mifupa, ngozi ikabaki. Land Cruiser huoza ngozi, mifupa ikabaki. Mnunuzi anayeyakagua yote kwa namna moja hulipa mara mbili, na hilo nalisema kwa kuwa nimeshalipa.

Nazungumzia Land Rover Series III, iliyotengenezwa Uingereza kati ya 1971 na 1985, hasa ile ndefu tunayoiita mia na tisa kwa inchi zake 109 kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma. Na nazungumzia Toyota Land Cruiser ya mfululizo wa 40, iliyotoka Japani kuanzia 1960 hadi 1984. Hii ya pili karibu kila mtu huiita FJ40, hata ile ya dizeli ambayo kwa haki ni BJ. Herufi ya kwanza ni ukoo wa injini: F ni petroli ya silinda sita, B ni dizeli ya silinda nne. Zishike herufi hizo, zitakusaidia siku muuzaji atakapokuambia "hii ni FJ ya dizeli, bosi, original kabisa".

Jina lenyewe la Land Cruiser lilizaliwa mwaka 1954 likimtazama jirani. Toyota walipotafuta jina la kuuzia gari lao hawakutaka lisikike duni mbele ya Land Rover. Kwa hiyo ubishi unaousikia gereji leo una miaka 70 na ushee, na hautaisha kwa makala hii.

Orodha yangu

Hii ni kwa mtu anayetaka gari la kuendesha: wikendi, shamba, safari ya familia mara mbili kwa mwaka. Anayetaka la kuegesha chini ya mwembe na kupiga picha, apindue orodha atakavyo.

1. Land Rover 109 ya petroli, Series III, ya milango mitano. Ukipata ya 1980 au baadaye, bora zaidi.
2. Land Cruiser BJ40 au BJ42 ya dizeli, kwa sharti la bati zima.
3. Land Rover 88 ya petroli, yaani ile fupi ya inchi 88.
4. Land Cruiser FJ40 ya petroli.
5. Land Rover 109 ya dizeli, yenye injini ileile iliyotoka nayo kiwandani.

Najua wapo watakaonirushia mawe kwa kuiweka FJ40 ya petroli namba nne. Wasubiri nifike kwenye mafuta.

Namba zinasemaje

Injini ya Land Rover ya petroli ina silinda nne na cc 2286. Nguvu zake ni za farasi 70 hivi. Ya dizeli ina cc zilezile 2286, lakini nguvu zake ni farasi 62 tu, na 109 ya milango mitano ina uzito wa karibu tani 1.7 kabla hujapanda wewe, mama mkwe na magunia. Kuanzia 1980 injini hizi zilipewa kranki, ule mhimili unaozungushwa na pistoni, inayoshikiliwa na beringi tano badala ya tatu, ndiyo maana nikasema ya 1980 ni bora. Ni tofauti usiyoiona kwa macho, ila inasikika: injini inatulia zaidi ikikazwa, na upande wa chini unadumu.

FJ40 ya petroli ni mnyama mwingine. Injini ya F ilianza na cc 3878, kisha kuanzia 1975 ikaja 2F ya cc 4230. Kwa kipimo kilichotumika enzi zile walisema farasi 135, lakini mimi farasi siwahesabu sana kwenye gari la namna hii. Nahesabu mvuto wa chini: 2F inatoa karibu Nm 285 (Nm ni kipimo cha mvuto huo) ikiwa kwenye mizunguko 1800 tu, wakati Land Rover ya petroli inaishia Nm 160 na kidogo. Hapo ndipo tofauti unapoihisi mguuni. Land Cruiser unaiachia klachi na inaondoka bila kuiuliza. Land Rover unaiomba.

Dizeli za Toyota nazo zina vizazi. BJ40 iliyoanza 1974 ilikuwa na injini ya B, cc 2977, farasi 80. BJ42 za mwisho zilikuja na 3B ya cc 3431, na hiyo ndiyo ningeitafuta kwa mshumaa. Si ya mbio, inaunguruma kama mashine ya kusaga, na haijali.

Kwa mwendo, 88 ya petroli ikiwa tupu hutaka karibu nusu dakika kutoka kusimama hadi kukaribia kilomita 100 kwa saa. 109 usiipime kabisa, utajiumiza moyo. FJ40 huhitaji kama theluthi mbili ya muda huo. Mwisho wa Land Rover ni kilomita 105 hadi 110 kwa saa, ila mwendo wake wa amani ni 75 au 80. Zaidi ya hapo utakuwa unamsomea mwenzako midomo. FJ40 inapita 120 bila shida ya injini. Shida ni kwamba ina urefu wa mita 3.84 tu na imesimama juu juu, na springi zake ngumu zinairusha barabara ikiwa na mabonde. Nikiwa na watoto ndani siipeleki huko.

Mahali pazuri pa kuyapima ni mlima. Nimeyapandisha yote mawili Kitonga, kwa nyakati tofauti. 109 ya petroli ikiwa na watu sita na mizigo ilipanda kwa gia ya pili nikiwa nyuma ya lori la saruji, na ukweli ni kwamba hata lori lisingekuwepo nisingepita gia hiyo. Sindano ya joto ilipanda kidogo, ikakaa. Nilifika juu nimetulia, maana nilikuwa na muda wa kuangalia kila mti. FJ40 yenye 2F ilipanda kwa gia ya tatu, nikapita malori mawili, na nilipofika Iringa nikaweka mafuta tena.

Hapo ndipo namba nne ilipopatikana. Lita moja ya petroli huipeleka Land Rover kilomita 6 au 7. FJ40 hukupa 5 ukiwa mpole, na mguu wa dereva wa FJ40 huwa si mpole. Dizeli zote mbili huzunguka kilomita 8 au 9. Kwa gari la kutoka mara mbili kwa mwezi pengine huumii. Kwa mtu wa Arusha mwenye shamba Karatu, piga hesabu mwenyewe kabla hujapenda.

Na ya tano? 109 ya dizeli ni gari jema lililobebeshwa zaidi ya uwezo. Farasi 62 kwenye bodi hilo ni kumtuma mtoto akabebe gunia. Ukiikuta imeshawekwa injini nyingine kwa ufundi mzuri, hilo ni jambo jingine, nitaligusa huko mbele.

Land Rover: lala chini kwanza

Bodi ya Land Rover ni aluminiamu. Baada ya Vita Kuu ya Pili chuma kilikuwa adimu Uingereza, aluminiamu ikawepo, wakaitumia, na uamuzi ule wa shida ndio umefanya magari haya yawe hai. Sumaku haishiki ubavuni. Mnunuzi akiona bodi halina kutu husema gari zima. Mimi nilisema hivyo.

Ya kwanza niliyonunua ilikuwa 109 ya rangi ya maziwa. Bodi safi, viti vimeshonwa upya, chini pamepakwa rangi nyeusi nzito iliyokuwa bado inanukia. Muuzaji alisema ameipaka ili kuilinda na matope. Wiki iliyofuata niliipeleka kwa fundi mmoja mzee pale Unga Limited, Arusha. Nikamwamkia, akaitika bila kuniangalia, akatandika boksi, akaingia chini na nyundo ya kilo nusu. Akagonga mbele: ngi. Katikati: ngi. Nyuma ya tairi la kulia: pwa. Akagonga tena palepale. Pwa.

"Umesikia, mwanangu? Hapo paliitikia kama debe la unga."

Akachukua bisibisi akaisukuma. Iliingia hadi mpini. Ndani ya chasisi, chini ya ile rangi, palikuwa na vitambaa, puti na udongo. Nililipa uchomeleaji kwa miezi minne.

Kwa hiyo gonga wewe, kabla hujalipa. Chasisi ya Land Rover ni boksi la chuma, lenye uwazi ndani, na maji yakiingia hayana haraka ya kutoka. Anzia kwenye mhimili wa nyuma kabisa, ule unaobeba ndoano ya kuvutia. Fuata sehemu springi zinaponing'inia, maana hapo hukamata matope. Kisha yale mabawa yanayotoka ubavuni kubeba bodi. Kisha juu ya tanki la mafuta, ambapo mkono haufiki vizuri na kwa hiyo hakuna aliyewahi kupaka kitu. Chuma kizima hulia. Kilichooza hukohoa. Ukikuta rangi mpya nzito chini ya gari lenye miaka 45, gonga mara mbili zaidi.

Baada ya chasisi, kagua ukuta wa chuma unaotenganisha injini na miguu ya dereva. Huo si aluminiamu. Inua zulia, tia mkono pale mguu wa klachi unapokaa, na utazame pembe za chini za vioo vya mbele. Kuutengeneza ukuta huo ni kazi ya kuvua nusu ya gari.

Aluminiamu yenyewe ina ugonjwa wake: inapokutana na chuma, hasa kwenye hewa ya chumvi, hutoa unga mweupe na rangi huvimba kama malengelenge. Milango ndiyo huanza. Si jambo la kufa, ila fundi wa kawaida wa kuchomelea hawezi kuichomelea aluminiamu, hivyo utaona viraka vilivyopigwa ribiti. Ribiti zilizopangwa vizuri hazinisumbui. Zinanipa habari kwamba mwenye gari alijua alichokuwa anafanya.

Habari njema ni kwamba hakuna kitu kwenye Series III usichoweza kukipata. Uingereza bado wanatengeneza hadi chasisi mpya nzima, zilizochovywa zinki. Huhitaji kwenda huko: fundi mzuri hukata sehemu iliyooza, akajenga kwa bamba la milimita 3, na gari likaishi miaka ishirini mingine. Ndiyo maana Land Rover iliyochoka nainunua kwa moyo mweupe, mradi bei iwe ya gari lililochoka.

Land Cruiser: simama, tazama, papasa

Chasisi ya FJ40 ni nene na mara nyingi inakuzika wewe. Itazame sehemu za nyuma springi zinapofungwa, basi, inuka. Kazi yako iko juu.

Bodi ni bati la chuma, na enzi zile kinga ya kutu haikuwa kama ya magari ya leo. Huoza kwa mpangilio ninaoujua kama njia ya kwenda nyumbani: pembe za nyuma juu ya taa, kizingiti cha mlango wa nyuma, sakafu chini ya miguu ya abiria, fremu ya kioo cha mbele, kisha mfereji wa maji unaozunguka paa. Paa lenyewe ni fibaglasi na halina kutu, jambo linalowapumbaza watu, kwa sababu weupe wake safi unafanya gari zima lionekane zima.

Weka sumaku ndani ya soksi nyembamba usikwaruze rangi. Ipitishe pole pole pembe za nyuma. Inaposhika kwa nguvu, bati lipo. Inapoteleza na kuanguka mkononi, hapo pana puti, na puti ya FJ40 nimeiona ya unene wa kidole gumba. Kisha papasa kwa nyuma, kwa ndani, kwa vidole: bati lenye puti upande wa nje huwa na mikunjo au matundu ndani, na hakuna anayepiga msasa upande usioonekana.

Gari lililokaa Tanga, Mombasa au Unguja likague mara mbili. Hewa ya bahari haina huruma na bati la Kijapani la miaka ya 1970. Kama ungekuwa unanunua la kukaa pwani, mpangilio wa kwanza na wa pili kwenye orodha yangu hauna hata mjadala.

Kwa nini nasisitiza bati, wakati kwa Land Rover nimekuambia kila kitu hurekebishika? Kwa sababu mabamba ya bodi ya FJ40 ni ghali. Wamarekani na watu wa Ghuba wameyapenda sana magari haya, wanayafufua kwa fedha ambayo mimi na wewe tungejengea nyumba, na bei ya kila kipande imefuata. Kufinyanga pembe mbili za nyuma na sakafu kwa fundi wa kweli, si wa puti, hugharimu zaidi ya tofauti ya bei kati ya gari bovu na gari zima. Kwa hiyo hapa fanya kinyume cha Land Rover: lipa zaidi, chukua lenye bati zima, hata kama injini inatoa moshi. Injini ya B utaifanyia ovahoo bila kuhangaika, kwa sababu ukoo huo uliwekwa pia kwenye Dyna na Coaster, na spea zake mafundi wa Kariakoo na wa Kirinyaga Road wamezishika kwa miaka mingi.

BJ nyingi zina umeme wa voti 24, betri mbili. Muulize muuzaji, kisha usimwamini, fungua boneti. Nimeona moja iliyopunguzwa hadi voti 12 upande wa taa huku stata ikibaki 24, waya zimeungwa kwa mkanda wa plasta. Iliwaka vizuri siku ile. Sikuinunua.

Na tazama usukani uko upande gani. Land Cruiser kadhaa nzuri zimeshuka kutoka Burundi na Kongo, na huko hukaa kushoto. Bei itakuvutia. Kisha utalipita lori kwenye kona na abiria ndiye atakayeona kinachokuja.

Gia, ekseli na mengine ya haraka

Series III ilikuwa Land Rover ya kwanza ambayo gia zote nne za mbele huingia kwa ulaini bila kupiga klachi mbili. Zilizotangulia zilikupa ulaini huo gia ya tatu na ya nne tu. Kagua hivi: shuka mteremko kwa gia ya tatu, ondoa mguu kwenye mafuta, usiishike fimbo. Ikirudi yenyewe katikati, gia boksi inakudai. Rudia kwa gia ya kurudi nyuma. Kisha jaribu fo-wili: kitufe cha njano unakibonyeza chini, fimbo nyekundu unaivuta nyuma kupata gia nzito. Vikigoma, mara nyingi ni kutu ya kutotumika, si kuvunjika, lakini muuzaji hahitaji kulijua hilo wakati mnapatana.

Land Cruiser kabla ya 1974 zilikuwa na gia tatu. Ninyi mnaopenda ukale mtazifurahia. Mimi nataka nne.

Ekseli ya nyuma ya 88 ina hafshafti (vyuma vinavyozungusha matairi) nyembamba ambazo hukatika dereva akiwa na papara kwenye matope. Kwenye 109 Series III utakuta difu, zile gia za katikati ya ekseli zinazogawa nguvu kwa matairi, kubwa nzito yenye kifuniko kinachofunguka kwa nyuma, na hiyo ni imara sana. Chungulia uione, maana wapo waliobadilishiwa. Mbele, kwenye magari yote mawili, kuna tufe la chuma nyuma ya kila tairi. Lipanguse. Likiwa na vishimo vya kutu, litavuja kila sili utakayoweka.

Breki za Land Rover ni za dramu kote. Zinashika, kwa sharti la kukazwa mara kwa mara kwa spana, na zikilowa kwenye kivuko zipe muda zikauke. Land Cruiser za miaka ya mwisho zina diski mbele. Kama una nafasi ya kuchagua, chagua hizo.

Kuvuja oili kidogo ni kawaida kwa umri huu. Ninachoogopa ni gari ambalo chini pakavu kabisa. Limeoshwa kwa presha asubuhi ile, na hutajua lilikuwa linavuja wapi.

Injini ya kubandika

Nusu ya 109 utakazoziona hazina injini yake. Zina dizeli ya Toyota, ya Nissan, ya Isuzu, au 200Tdi ya Land Rover yenyewe. Hii ya mwisho ni ya ukoo uleule, inakaa vizuri, na kwa farasi 107 inaigeuza 109 kuwa gari la barabara kuu. Ila gia boksi ya Series III haikujengwa kwa nguvu hizo, kwa hiyo mguu uwe na adabu.

Tazama fundi alivyoishikilia injini. Vishikizo vyake vimechomelewa kwa bamba nene vikanyooka, au ni vipande vya reli na vikuku? Rejeta imekaa wima, feni iko katikati yake? Propela haijapinda pembe mbaya? Injini ngeni iliyokaa vizuri haipunguzi thamani machoni pangu. Iliyokaa vibaya itatikisa bodi hadi vioo vilie, na utalipa kuitoa kabla hujalipa kuweka nyingine.

Kisha njoo kwenye karatasi, na hapa ndipo watu hulia. Namba ya injini iliyoandikwa kwenye kadi ya gari, au logbook kwa walio Kenya, lazima ilingane na iliyopo. Injini ikibadilishwa bila kusajiliwa, wewe ndiwe utakayetembea ofisini kueleza kitu ambacho mwenye gari wa tatu kabla yako alikifanya. Namba ya chasisi itafute upande wa kulia mbele. Pangusa matope kwa brashi ya waya, isome kwa kidole kama haionekani. Chasisi iliyojengwa upya isiyo na namba ni chuma chakavu chenye matairi, hata kama kinang'aa.

Kenya hairuhusu kuingiza gari lililotumika lenye zaidi ya miaka 8, kwa hiyo mnunuzi wa kule anatafuta zile zilizokwishakuwepo. Tanzania mlango hauko hivyo, ila tozo za uchakavu zitakufanya ufikirie mara mbili. Kwa vyovyote, lililokwisha sajiliwa nchini na lenye kadi safi ndilo la kuanza nalo. Na wakitaka kukuonyesha kwamba Land Rover zimekwisha, wakumbushe Arusha ya Oktoba 2024, siku za tamasha la Land Rover, foleni ilivyokuwa.

Siku ya kwenda kulijaribu

Mpigie muuzaji jioni, mwombe asiliwashe kabla hujafika. Ukifika, salimia, na mkono mmoja uweke juu ya boneti wakati mnasalimiana. Likiwa la moto, kunywa chai yake, ongea habari za mvua, subiri lipoe. Gari lililopashwa moto linaficha plagi mbovu, nozeli mbovu na betri iliyokufa.

Likiwaka, nenda nyuma. Moshi wa bluu unaoendelea ni oili. Mweupe mtamu ni maji, na hapo fikiria gasketi ya hedi. Mweusi kidogo kwenye dizeli nausamehe. Fungua mfuniko wa kuwekea oili: likipumua taratibu, sawa, likikohoa kama jiko la kuni mbichi, ringi zimechoka. Kwa Land Rover sikiliza kelele ya tiktik juu ya injini. Mara nyingi ni vali tu zinazotaka kupimwa kwa geji ya 0.25 mm, kazi ya saa moja na spana mbili. Usimwambie muuzaji kwamba ni kazi ya saa moja.

Mwisho, handbreki. Kwenye Land Rover hizi, na Land Cruiser nyingi za mfululizo huu, handbreki haishiki matairi. Inashika shafti inayotoka nyuma ya gia boksi. Kwenye tambarare hutaona tofauti. Lakini ukiwa mteremkoni, ukanyanyua tairi moja la nyuma kwa jeki ili ulitazame, lile la hewani huzunguka upande mmoja, lililoko chini huzunguka upande wa pili, difu inaruhusu yote, shafti haijasogea hata nukta, na gari linaondoka. Lilinitokea nikiwa nimepiga goti pembeni yake, nimetoa nati tatu kati ya tano. Lilikwenda mita mbili, likaegemea mgomba.

Kwa hiyo kwenye ile orodha ya nyundo, tochi, boksi na sumaku, ongeza mawe mawili makubwa. Yatoe nyumbani, usitegemee kuyakuta huko.